Umenisemea

Kugoma peke yako mtaa wa Kambarage ni kazi ya kichaa, niwaambie ukweli. Wenzangu walikuwa Dar es Salaam, wamevaa fulana nyeusi, wamekaa nje ya geti la kampuni wanaimba na kupigwa picha. Mimi nilikuwa Shinyanga, sebuleni kwangu, nimegoma na kikombe cha chai. Nani ananiona? Na mimi nikanunua fulana nyeusi, nikaivaa kwenda sokoni. Muuza nyanya akanishika mkono: "Jamani Mwalimu, umefiwa tena?" Nikamwambia sijafiwa, nimegoma. Akaniuliza, umegoma kula? Nikalipia nyanya zangu nikaondoka.

Naitwa Asteria Masalu. Hapa mtaani wananiita Mwalimu kwa sababu nilifundisha kidogo zamani, na kwa sababu sikujaliwa mtoto wa kuniitia Mama Fulani. Kazi yangu ni kuandika tamthilia ya televisheni, ile ya "Mlango wa Uani". Tulikuwa waandishi sita, kila mmoja na watu wake wa kuwaandikia maneno. Mimi nilipewa Bibi Nkwimba, maana Msukuma kwenye lile kundi nilikuwa mimi tu. Bibi Nkwimba ni yule mama mkali ambaye binti yake ameolewa asikotaka yeye, akamfungia mlango. Watu walikuwa wananisifia, eti nimetunga mtu wa ajabu. Sikutunga chochote mimi. Nilimchukua mama yangu nikambadilisha jina.

Mama anaishi nje kidogo ya Nyarugusu, huko Geita, kwa mdogo wangu Ngassa. Ngassa ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na pembeni yake amefungua banda umiza, kibanda cha mabati chenye mabenchi na televisheni kubwa, wachimbaji wakitoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, wanaingia kuangalia mpira. Lakini saa ya tamthilia ikifika, mpira au si mpira, rimoti ni ya mama. Ana kigoda chake mbele kabisa. Kuna mchimbaji mgeni aliwahi kusema, "Bibi, tubadilishie bwana," wenzake ndio waliomtoa nje. Haya yote naambiwa na Ngassa kwa simu. Mimi nilikuwa sijakanyaga pale tangu nilipoolewa na Abdulshakur.

Abdulshakur alikuwa fundi cherehani, mtu wa mjini, babu yake alikuja na reli kutoka huko Tanga. Muislamu. Na mama yangu ni mama wa kanisa hasa, wa kutangulia mbele kwenye maandamano ya Matawi. Akaniambia mbele ya wajomba: "Ukienda kwa huyo mtu, mlango huu usahau." Sawa. Mzazi hukasirika, na maneno ya hasira nayajua, hata mimi ninayo ya kutosha kugawa. Hilo nililimeza. Nisichokimeza mpaka leo ni msiba.

Abdulshakur alipofariki nilipiga simu nyumbani. Ngassa akaja, amepanda lori la mizigo usiku kucha. Mama hakuja. Jamani, kwetu hata mtu mnayegombea naye mpaka wa shamba anakuja msibani! Anakaa kwenye mkeka, anakunywa chai, anakupa pole, anaenda zake, ugomvi mtaukuta hukohuko mbele. Mama yangu mzazi hakuja, hakutuma salamu, hakutuma hata kibaba cha unga. Nilikaa pale chini naangalia mlango, kila kitenge kinachoingia nadhani ni chake. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na kifo chenyewe, na hilo Mungu anisamehe.

Tangu siku ile nikawa nataka kitu kimoja tu kutoka kwa mama: anipe pole. Neno moja, kwa mdomo wake. Mkiniona nina utoto, nioneni tu.

Yeye hapigi simu, mimi sipigi. Kwa nini nipige mimi, mfiwa? Basi nikawa nasema naye kwa kupitia Bibi Nkwimba. Nilimwandika kama alivyo. Anavyoitikia salamu bila kugeuka. Anavyomtukana mkwe wake huku anamchambulia mboga mgeni kwa upole. Anavyosema "sina mtoto wa jina hilo" halafu jioni anapakua ugali kama wa watu wawili. Nilitaka ajione. Nilitaka siku moja akiwa pale kwenye kigoda chake aone aibu, ainuke, aseme, "Ngassa, hebu nipigie dada yako." Mama hajui kusoma, lakini Ngassa alikuwa anamsomea jina langu linapopita mwishoni, kwa hiyo alijua nani anaongea. Kila kipindi kikiisha naweka simu mapajani. Ngassa akipiga namuuliza, "Amesemaje?"

"Hajasema kitu dada. Ameguna."

Kuguna! Miaka inapita, mimi nakula miguno.

Halafu kampuni ikaleta mambo yake. Walikusanya kila kitu tulichowahi kuandika, wakakiingiza kwenye programu ya kompyuta, wakaiambia iandike kama sisi. Kwenye kikao cha mtandaoni wakatuambia itatusaidia. Itatusaidia! Mtu anakuja shambani kwako anakwambia amekuja kukusaidia kulima, ukigeuka unakuta shamba kashauziwa yeye. Zuleha, mwenyekiti wetu wa waandishi, mwanamke wa Ilala asiyeogopa mtu, akasema kalamu chini mpaka waitoe ile mashine. Wa kwanza kuandika "nimo" kwenye grupu nilikuwa mimi.

Kwenye televisheni ikawa marudio. Yakachosha, wakaleta tamthilia za Kituruki zenye sauti za kubandika, mdomo unaenda huku na maneno yanaenda kule. Mama wa Mwanza aliyekuwa anaigiza Bibi Nkwimba akanipigia kuniambia amerudi kwenye biashara yake ya vitenge, na hakuninunia, alinitakia heri. Kwa Ngassa wachimbaji wakarudi kwenye mpira wao. Mama peke yake ndiye aliyeng'ang'ania marudio. Alishayashika yote, Ngassa anasema alikuwa anamjibu Bibi Nkwimba kabla hajafungua mdomo.

Na mimi? Mimi sikujua kama nilikuwa mpweke kiasi kile. Nikiandika huwa natamka maneno kwa sauti, nabishana, nacheka, majirani walidhani nina wageni kila siku. Kumbe kweli walikuwa wageni. Walipoondoka nyumba ikanyamaza, nasikia friji tu. Wenzangu wanatuma picha kutoka getini, wanakula wali kwenye sinia moja, mtu kamlalia mwenzake begani. Mimi natuma kidole gumba. Kuna siku nilimpigia Zuleha nikajifanya nauliza habari za mazungumzo na kampuni, mradi nisikie mtu akiniita jina. Alikuwa na haraka. Nikapika chai nyingine nikainywa wima, dirishani.

Siku moja jioni Yasmini wa nyumba ya pili, ambaye hutengeneza nywele barazani kwake, akapiga kelele: "Mwalimu! Bibi yako karudi!"

Nikawasha. Kweli, "Mlango wa Uani", kipindi kipya. Yule mama wa Mwanza hakuwepo, walimtafuta mwingine wakamfunga kilemba kilekile. Bibi Nkwimba kasimama mlangoni kwake, machozi yanatoka, mikono kaipanua hivi, anamwambia binti yake: "Mwanangu, nakupenda sana. Nilikosea. Nisamehe mama yako. Urudi nyumbani, mwanangu, nakupenda."

Weee! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nakupenda sana! Msukuma gani mzee huyo, wa kijiji gani, anayemwambia mtoto wake mtu mzima nakupenda mara mbili ndani ya pumzi moja? Kwetu mama akikupenda anakuuliza kama umekula. Nilimzomea Bibi Nkwimba kwenye sebule yangu. Mashine imesoma maneno yangu yote, haikuelewa hata moja. Nilifurahi, nasema kweli. Nikasema, sasa kampuni itaona aibu, watatuita tu.

Kisha yakapita majina ya mwisho. Hawakuwa wamejisumbua kuyabadilisha. La kwangu likapita na lenyewe, kama kawaida.

Simu ikalia kabla sijazima. Ngassa.

"Dada, mama analia."

"Analia nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Ameinuka kwenye kigoda pale Bibi aliposema nisamehe. Watu wote kimya, hata wale wa pool table nje wameacha. Anasema, 'Asteria kaniita.' Anataka uje. Subiri, nampa simu."

Nikasikia kelele za karasha, na pumzi. Halafu sauti ambayo nilidhani nimeisahau.

"Asteria. Njoo."

Yeye mwenyewe akamrudishia Ngassa simu.

Nilikaa chini sakafuni. Mambo mawili yakanijia kwa pamoja. La kwanza, mama kaniita. La pili, kaniita kwa maneno ambayo si yangu. Miaka yote nimemwandikia ukweli mtupu, kaguna. Mashine imeandika upuuzi wa kipindi kimoja tu, kalia. Sikujua nimshukuru nani au nimtukane nani.

Sijamaliza hata kuinuka, Zuleha huyo hewani.

"Dada Asteria shikamoo. Jina lako limepita."

"Marahaba. Si mimi, Zuleha. Naapa kwa kaburi la mume wangu."

"Nakuamini. Ila watu hawaamini, wanasema tumegawanyika. Sasa tumeamua, kila mwandishi anajirekodi video, uso wake uonekane, aseme: si mimi niliyeandika, imeandika mashine. Tunazisambaza nchi nzima. Na yako ndiyo tunaitegemea, maana Bibi Nkwimba ndiye watu wanayemjua."

"Nitatuma," nikasema. Na nilikuwa na nia. Nilivaa fulana yangu nyeusi, nikasimama kwenye ukuta mweupe, nikajirekodi mara ya kwanza tu ikatoka safi. Kidole kikafika pale pa kutuma. Nikafikiria lile banda umiza, wachimbaji wote na simu zao, video inavyopita mkono kwa mkono mpaka kwenye kigoda cha mbele. Nikaiacha kwanza. Nikajiambia nitatuma nikifika, nimweleze mama mwenyewe ndipo wengine wajue.

Asubuhi nikapanda basi la kupitia Kahama. Kuanzia pale njia ikawa vumbi jekundu na malori ya mgodi, na mimi nimekumbatia mkoba, nafanya mazoezi ya kusema. Mama, yale hukuyasikia kutoka kwangu. Mama, mimi niko kwenye mgomo. Kila nikilisema lilikuwa baya zaidi. Geita mjini nikachukua bodaboda, kijana akaniuliza naenda kununua dhahabu? Nikamwambia naenda kwa mama. Akasema basi mama, shika vizuri.

Nilimkuta ameketi nje ya mlango. Mama yangu alikuwa mwanamke mrefu, wa kubeba debe la maji bila kulishika. Sasa amekuwa mdogo, miguu haifiki vizuri chini. Nikapiga goti, nikamwamkia mama yangu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Akaniangalia sana. Zamani angegeuka pembeni. "Umekonda. Umekula?"

Nikasema sijala. Akaninyang'anya mkoba akaubeba mwenyewe kuuingiza ndani, Ngassa anataka kumsaidia anamsukuma. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Tulikula, yeye ananisogezea minofu. Mezani kuna karatasi ya kanisa na dawa zake za presha. Nikawa nangoja. Nilijua sasa atasema. Nimesafiri kwa ajili ya neno hilo.

Alipomaliza akanawa mikono polepole, akaifutia kwenye kitenge.

"Ulipofiwa," akaanza, "nilifunga mzigo. Ngassa atakuambia kama nadanganya. Nilikaa na mzigo hapo mlangoni mpaka basi likapita. Miguu ilikataa. Nikasema nitaingiaje kwenye nyumba ya mtu niliyemtukana, na yeye amelala hajibu? Nikasema nitaenda kesho. Kesho nikaona aibu ya jana. Ikawa hivyo mpaka leo. Maneno yamekaa hapa." Akajigonga kifuani. "Hayatoki. Mimi si mtu wa maneno, unanijua."

"Nakujua, mama."

"Halafu jana nakaa pale, nasikia yule bibi anayasema. Yote! Nilikosea, nisamehe, rudi. Nikasema huyu mtoto kaniona. Yuko kule Shinyanga, ameona kilichonikaa kifuani, kanionea huruma, kanitolea." Akacheka, meno yake machache yakaonekana. "Umenisemea, Asteria. Sasa mimi sina la kuongeza."

Nikasubiri. Nilidhani ataongeza tu.

"Huna la kuniambia wewe mwenyewe?" nikamuuliza. "Hata dogo?"

"La nini tena, na wewe umeshalisema? Tena umelisema vizuri, mimi ningeliharibu." Akainuka akaanza kukusanya sahani. Uso wake ulikuwa umetulia, wa mtu aliyelipa deni akaenda kulala. Sikuwahi kumwona na uso ule.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Video iko mfukoni, ukweli uko mdomoni. Nikisema si mimi, lile neno linamrudia kifuani, na labda safari hii atalitoa mwenyewe, anipe pole yangu. Au labda aibu itamrudia yote, na aibu mpya juu yake, kwamba amelia mbele ya wachimbaji kwa ajili ya mashine, ageuke pembeni na mlango ufungwe mpaka atakapokufa. Yeye mwenyewe kasema miguu yake hukataa. Nilimwangalia akisuuza sahani, anaimba kidogo wimbo wa kanisa. Nilitamani kulia na nilitamani kumpigia kelele, yote mawili.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Nimechoka na safari tu."

Jioni tulikuwa tunajiandaa kwenda bandani, Zuleha akapiga. Nikatoka uani.

"Dada, imebaki ya kwako tu. Wenzako wote wametuma."

Mama alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo kilichovunjika pembe. Alivaa kitenge kipya, kile cha sikukuu. Akaniita kwa mkono, twende tutachelewa.

"Sitatuma, Zuleha."

"Kwa nini?"

"Sitatuma."

"Kwa hiyo ni wewe uliyeandika?" Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo. "Dada Asteria, niambie si wewe. Niambie tu, hata bila video."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, ananisikia kila neno.

"Ni mimi," nikasema.

"Tulikuamini sana sisi," akasema Zuleha, akakata. Hatujafika bandani, simu ikanionyesha kwamba nimeondolewa kwenye grupu. Wale watu nilikuwa sijawahi kuwaona kwa macho, wengine sura zao nazijua kwa picha ya geti tu. Lakini ndio walikuwa watu wangu.

Banda lilijaa. Ngassa alikuwa amewatangazia. Mama akanishika mkono akanipitisha katikati ya mabenchi, wachimbaji wana vumbi mpaka kwenye kope, wananipisha, wananiamkia, "Shikamoo mama, shikamoo mwandishi." Kigoda cha pili kilikuwa kimeshawekwa mbele. Mama akasimama, yeye ambaye si mtu wa maneno, akasema kwa sauti: "Huyu ndiye binti yangu. Yule bibi anayasema ya huyu." Wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi. Nikakaa.

Kipindi kikaanza. Bibi Nkwimba na binti yake wamekumbatiana, wanaambiana kila mmoja jinsi anavyompenda mwenzake, halafu wanaambiana tena. Hakuna aliyechambua mboga. Hakuna aliyeuliza kama mtu amekula. Mama alikuwa ameshika mkono wangu mapajani kwake, na kila sentensi ikitoka anaubana kidogo na kunigeukia, aone ninavyojisikia kwa kazi yangu. Mkono wake ulikuwa wa moto, mgumu kwa jembe. Sikuwahi kushikwa na mama hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikawa natabasamu kila akigeuka.

Matangazo yalipoingia akaniinamia sikioni.

"Unaandika vizuri siku hizi," akasema. "Zamani ulikuwa na maneno makali."

"Wabeja, mayu," nikamshukuru.